Samaki Hawajala

Desemba hapa Oulu jua huchungulia saa nne na nusu,
na saa nane mchana limeshafunga duka.
Mto umeganda, watoto wanauvuka kwa baiskeli.
Bahari iko sebuleni kwetu tu:
lita mia tatu na ishirini, nyuzi ishirini na tano,
chumvi naipima kwa kikombe kilichopasuka mkono,
kikombe cha Raimo, aliyeianzisha bahari hii
mwaka aliostaafu kazi ya reli.

Mwezi wa tisa ulikuwa ukungu tu kwenye kioo.
Nikaupangusa kama vumbi.
Mwezi wa kumi mawe yakaota nywele,
kijani, ndefu, laini, zinazolala na mkondo
kama za mtu aliyelala chali majini.
Zikayapanda matumbawe.
Lile la zambarau likafumba vidole
na halikuvifumbua tena.

Nilipigana, sisemi uongo.
Kila Jumamosi mkono ndani hadi kwapani,
mswaki wa meno, mpira wa kunyonyea maji,
nanyonyoa mawe kama kuku wa sikukuu.
Nikaifunika taa blanketi siku tatu,
bahari ikalala gizani kama mji mzima.
Nikanunua konokono ishirini; kumi na wawili
walianguka chali na hawakujua kujigeuza.
Nikanunua tasi, mla mwani hodari.
Akala siku mbili, kisha akagundua
kwamba mlo mtamu zaidi hushuka kutoka juu.
Hapo ningeshtuka.
Sikushtuka.

Jarkko wa duka la samaki, kijana mwenye hereni kwenye nyusi,
alitia matone, akatia unga, akatikisa kichupa changu.
Tukasubiri dakika tano tukizungumzia theluji.
Maji yakawa ya buluu, buluu ya wino.
"Fosfati," akasema. "Mama, unang'oa magugu
huku unamwaga mbolea. Nani analisha?"

Nani analisha.
Kesho yake nilikaa jikoni, mlango nusu wazi.
Saa mbili asubuhi: Raimo, kopo, vidole vitatu.
Samaki wakapanda.
Saa tatu kasorobo: Raimo, kopo.
"Samaki hawajala," akaliambia dirisha.
Saa nne. Saa tano kasoro.
Jua likaja, likatazama, likaondoka.
Hadi tunakaa mezani jioni nilikuwa nimehesabu mara tisa,
na kila mara uso wake ulikuwa ule ule,
uso wa mtu mwema aliyekumbuka jambo.

Mficha maradhi kilio humfichua.
Chetu hakikuwa na sauti. Kiliota kijani,
nami nikakipiga mswaki miezi mitatu.

Daktari alimwandikia vidonge
na kijisanduku chenye vyumba saba.
Nikanunua cha pili.
Kopo lipo nyuma ya mashine ya kufulia.
Jumapili usiku navifungua vyote viwili, miwani puani:
huku vidonge vyake, huku punje za samaki,
na siku moja, kwa uchovu, nusura nivichanganye.
Chumba kikiwa kitupu namwonyesha:
"Tazama, Jumanne imeshaliwa."
Anatazama. Pengine anaamini.
Pengine ananiita Hilkka, dada yake,
na kuniuliza nani kawaibia samaki chakula chao.

Mwani haujaisha. Kila wiki natoa lita thelathini,
natia thelathini mpya, za maji yaliyochujwa mara mbili,
na buluu ya kichupa imeanza kufifia.
Nyuma ya pampu kuna shungi moja nimeliacha,
mkono wangu haufiki,
na tasi, tangu njaa imrudishie adabu, hulitembelea.

Jana Raimo alichukua mswaki, akasimama kando yangu,
akasugua kioo mahali pamoja, pale pale, pale pale,
mpaka pakawa kama hapana kioo.
"Samaki hawajala," akasema.
Nikatazama kijisanduku. Alhamisi, imejaa.
"Kweli," nikamwambia, "hawajala,"
nikamfungulia kifuniko.